Gari la umeme au la petroli? Nimepiga hesabu mara tatu, kila mara jibu jipya

#1 Mwendapole

Wakuu habari zenu. Naomba tujadili hili jambo kwa utulivu maana kila ninayemuuliza ananiletea ushabiki, wa umeme ananiambia petroli imeshakufa inasubiri kuzikwa, wa petroli ananiambia nikinunua umeme nimenunua simu yenye matairi. Mimi sina timu, nina mfuko tu.

Hali yangu iko hivi. Nina gari la petroli cc 1500, zima, ila limeanza kuzeeka, linakula lita 7.5 kwa kilomita 100. Kazini kwenda na kurudi ni km 60, siku kama 25 za mwezi, ukijumlisha na safari za ukoo nafika km 20,000 kwa mwaka. Yaani lita 1,500 kila mwaka naziona zinatoka kwa ekzosi.

Shemeji yangu kanunua la umeme na tangu siku hiyo hatulali, kila akija ni "mimi wese silijui". Na mimi nimeanza kuangalia la mtumba, betri ya uniti 40. Nikiuza langu natakiwa kuongeza pesa sawa na bei ya lita 4,500 za petroli. Nataja kila kitu kwa lita sababu humu tuko watu wa kila nchi, bei hazifanani, kila mtu ageuze mwenyewe. Kwangu mimi bei ya lita moja inanunua uniti 6 za umeme wa nyumbani.

Je hii inalipa au nafuata mkumbo wa shemeji?

#2 Kichuguu

Nimekaa paleee siti ya mbele. Waje wataalamu.

#3 FundiKilowati

Mkuu Mwendapole umefanya la maana sana kutumia lita, watu wengi wanaingia kwenye huu mjadala na sarafu tatu tofauti halafu wanashangaa hawaelewani.

Lita moja ya petroli ina nguvu kama uniti 9 hivi, na uniti ni ile ile kilowati-saa inayosomwa na mita ya nyumbani. Kwa hiyo gari lako kwa km 100 linachoma uniti 67. La umeme la saizi hiyo linasogea hizo km 100 kwa uniti 16 au 17 tu. Zako nyingine 50 zinaenda wapi? Weka mkono kwenye boneti ukifika kazini utajua zinaenda wapi. Injini za petroli nzuri zinageuza karibu 40% ya mafuta kuwa mwendo, na hiyo ni zikiwa kwenye hali zinayoipenda, kwenye foleni inashuka vibaya mno. Mota ya umeme hata ikitembea kinyonga haipotezi hivyo, na ukiachia mafuta (tunaendelea kusema mafuta hata kama hakuna mafuta) inageuka jenereta inarudisha chaji kwenye betri.

Sasa usisahau kitu ambacho wauzaji hawakitaji. Uniti zinazotoka ukutani sio zote zinazofika kwenye betri, chaja ya ndani ya gari inakula kama 10 hadi 15%, hasa ukichaji polepole. Kwa hiyo 17 za dashibodi ni kama 20 za mita, na bili inakuja ya mita.

Basi 20 gawanya kwa 7.5 unapata 2.7. Hiyo namba iandike mahali. Kama bei ya lita moja inanunua uniti chini ya 2.7, petroli ni rahisi kuliko umeme, funga uzi tukalale. Ikinunua zaidi ya hapo umeme unashinda kwa kila kilomita. Kwako ni 6. Uniti 4,000 kwa mwaka gawanya kwa 6 ni sawa na lita 667. Ulikuwa unatoa 1,500. Unaokoa lita 833 kwa mwaka, nyongeza yako ya 4,500 inarudi baada ya miaka mitano na nusu hivi.

#4 PistoniNne

Fundi umepiga hesabu tamu lakini umeruka kaburi. BETRI. Hiyo miaka mitano na nusu ikifika betri nayo imefika, unarudi dukani kununua betri kwa bei ya gari zima. Petroli injini ikifa nainunua ya mtumba, fundi wangu anaishusha na kupandisha nyingine siku mbili, siku ya tatu niko barabarani. Betri la kilo 300 nani atalishusha, na chini ya mti gani?

Na tusidanganyane, Nissan Leaf za kwanza tumeziona. Zile za kuanzia mwisho wa 2010 zenye uniti 24. Watu wa sehemu za joto walilia hadi Arizona huko Marekani, gari haina miaka miwili vipau vya betri vinashuka kwenye dashibodi kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

#5 Soketi_Dada

Nimeona Leaf imetajwa, imebidi niingie. Mimi ninayo hiyo ya uniti 24 uliyoitukana kaka Pistoni, mwaka wa nne huu niko nayo na niliinunua ikiwa imeshachoka kidogo.

Ulichosema kuhusu joto ni kweli kabisa ila malizia habari. Ile gari betri yake haina mfumo wa kuipooza, hewa tu inayopita yenyewe, hakuna feni wala maji. Gari nyingi zilizofuata zina maji yanayozunguka kwenye betri kama redieta, ndio maana huwezi kuchukua ugonjwa wa Leaf za mwanzo ukaupachika kwa kila gari la umeme. Hata hivyo hiyo ya uniti 40 anayoiangalia Mwendapole, kama ni Leaf, nayo bado inapoozwa hivyo hivyo kwa hewa, kwa hiyo mkuu uliza.

Yangu ilikuwa na vipau 10 kati ya 12 nilipoinunua, sasa ina 9. Watu wanafikiri kila kipau ni sawa, hapana, kile cha kwanza kinapotea ukiwa umeshapoteza kama 15% ya betri, vinavyofuata ni kama 6% kila kimoja. Kwa hiyo 9 sio robo imepotea, ni zaidi ya robo. Nikichaji ikajaa natembea km 90 na kitu mjini bila kuchungulia. Mizunguko yangu ni km 40 kwa siku. Betri "imekufa" na mimi naendelea kwenda kazini.

Nikuambie na ubaya pia. Siku moja asubuhi gari imegoma kabisa, milango haifunguki, dashibodi giza, betri kubwa ina 80%. Nikampigia aliyeniuzia, ananiambia lete gari niifungue betri kubwa yote niangalie. Jirani yangu dereva wa lori akaniuliza umeangalia ile betri ndogo? Kumbe gari la umeme nalo lina betri ya volti 12 kama magari yote, hiyo ndiyo inayowasha kompyuta na swichi zinazounganisha betri kubwa, ikifa hiyo gari zima ni sanamu. Nilibadilisha betri ndogo nikaendelea na safari. Huyo muuzaji angenifungulia betri la volti 300 na ushee kwa ajili ya hiyo.

#6 Kichuguu

Hahaha eti sanamu

#7 PistoniNne

Dada nimekusikia na nakupa heshima yako, lakini km 90 huo ni mkokoteni wenye redio. Mwendapole ana safari za ukoo.

#8 NjiaNdefu

Hapo kwenye safari ngoja niseme mimi maana barabara ndio ofisi yangu, na nimeendesha yote mawili.

Petroli inapenda haiwei, umeme unapenda foleni. Kinyume kabisa. Gari la petroli ukiwa barabara kuu mwendo mmoja ndio linakula kidogo, la umeme hapo ndio linalia. Sababu ni upepo, ukitoka 90 kwenda 120 kwa saa nguvu ya upepo inayokusukuma nyuma inakuwa karibu mara 1.8, na gari la umeme halina hasara nyingine za kuficha hiyo, unaiona moja kwa moja kwenye asilimia. Mtu anaambiwa km 270 kwa chaji anakwenda na 120 mfululizo akifika km 180 anaanza kuzima AC na kusali.

Halafu kuchaji kwenyewe. Chaja za kasi zinakutoa 10% hadi 80% kwa nusu saa hivi kwa gari nyingi za sasa. Kutoka 80 hadi 100 unaweza kukaa karibu muda ule ule tena, betri ikikaribia kujaa inapunguza kupokea ili isiharibike. Wazoefu hawajazi njiani, wanaingia na 10 wanatoka na 80. Na gari kama hiyo Leaf ya 40 ukichaji kasi mara mbili mara tatu siku moja betri inapata moto, halafu inapunguza yenyewe kasi ya kuchaji, nusu saa inageuka saa nzima na zaidi. Hiyo nimeshuhudia nikiwa na abiria waliochoka na mtoto analia.

Watu mnadharau pampu ya petroli kwa sababu mmeizoea. Pampu inayotoa lita 35 kwa dakika inakuingizia zaidi ya uniti 300 kwa dakika moja. Chaja kubwa za magari madogo, zile za kilowati 350, hazifiki uniti 6 kwa dakika. Hata ukisema injini inapoteza sehemu kubwa, bado pampu inaishinda mbali mno.

Kwa hiyo mkuu safari zako za ukoo ni ngapi kwa mwaka? Kama ni mara mbili azima gari la shemeji... ah, na la shemeji ni la umeme. Basi kodisha.

#9 Mwendapole

Safari ni tatu kwa mwaka, km 300 na kitu kwenda. Sio tatizo kubwa naweza kwenda kwa basi hata. Asanteni sana kwa kweli, naandika kwenye daftari.

#10 HesabuMoja

Samahani wakuu naona mnaenda mbio, kuna swali hamjamuuliza mwenye uzi na ndilo lilitakiwa kuwa la kwanza. Mkuu gari linalala wapi?

#11 Mwendapole

Nimepanga, ghorofa ya tatu. Gari linalala uani chini na magari ya wapangaji wenzangu. Kwani?

#12 FundiKilowati

Lahaula. Mimi nimekupigia hesabu zote nikijua una soketi.

#13 HesabuMoja

Ndio maana nimeuliza. Ile namba 6 yako ni ya umeme wa nyumbani. Chaja ya kasi ya barabarani sio umeme wa nyumbani, kuna mtu kanunua mashine ghali, kavuta laini kubwa, na anataka faida yake. Kawaida utakuta uniti ni mara mbili, mara tatu ya ya nyumbani. Tuseme mara tatu. Basi kwako lita moja hainunui tena uniti 6, inanunua 2. Rudi kwenye 2.7 ya Fundi. Umeshaanguka chini ya mstari.

Uniti 4,000 gawanya kwa 2 ni sawa na lita 2,000 kwa mwaka. Petroli ulikuwa unatoa 1,500. Yaani umeongeza pesa ya lita 4,500 ili kila mwaka upate hasara ya lita 500 na kila wiki ukae kwenye foleni ya chaja. Gari ni lile lile, barabara ile ile, kilichobadilika ni soketi tu. Ndio maana hesabu yako kila ukiipiga inakuja tofauti, nina hakika mara moja ulitumia bei ya nyumbani mara nyingine ukatumia ya barabarani.

#14 Mwendapole

Daah. Ni kweli mkuu, mara ya pili nilichukua bei ya kwenye chaja ya barabarani. Shemeji ana nyumba yake na ana sola juu ya bati, kumbe ananitambia kitu ambacho mimi sina.

#15 PistoniNne

Nimeshinda au sijashinda?

#16 Soketi_Dada

Hujashinda kaka, umesaidiwa na mwenye nyumba.

#17 HaibridiTu

Mbona mnamzungusha mtu wakati jawabu lipo tangu 1997 Toyota Prius ilipotoka? Haibridi ya kawaida, yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, hii isiyochomekwa popote, inakula lita 4.5 kwa km 100. Km 20,000 ni lita 900. Anaokoa 600 kwa mwaka na haombi soketi kwa mtu. Mkuu haibridi ya mtumba ungeongeza shilingi... samahani, lita ngapi?

#18 Mwendapole

Niliwahi kuulizia, kama lita 2,000 hivi.

#19 HaibridiTu

Basi miaka mitatu na miezi minne pesa yako imerudi. Umeme hata ukiwa na soketi ni mitano na nusu. Na gari la umeme likitaka kuishinda haibridi kwa kila kilomita, ile namba ya Fundi inapanda, 20 gawanya kwa 4.5 ni 4.4. Kuna nchi lita hainunui uniti hata 4.4.

#20 FundiKilowati

Hapo HaibridiTu yuko sahihi na mimi nasema hivyo japo riziki yangu ni umeme. Kwa mtu asiye na pa kuchomeka, haibridi ndiyo gari ya akili kwa sasa.

Ila usifiche upande wa pili, haibridi ina injini kamili na mota na betri, vyote ndani ya gari moja. Oili inabadilishwa, plagi zinabadilishwa, feni ya betri ukiiacha izibwe na vumbi na nywele za mbwa betri inakufa kwa joto. Umeme mtupu hauna oili ya injini, hauna plagi, hauna mkanda wa taiming, hauna klachi, hauna ekzosi. Unabaki na maji ya kupooza, oili ya breki, oili kidogo ya giaboksi yake ya gia moja, filta ya AC na wipa. Breki pedi zinakaa miaka maana mota ndiyo inayofunga breki mara nyingi. Kinachoisha haraka ni matairi, gari ni zito kwa mamia ya kilo na linaondoka kwa nguvu kuanzia sekunde ya kwanza, dereva mwenye mguu mzito atayaona matairi yake.

Kuhusu betri nako tuweke sawa. Pistoni anasema miaka mitano. Watengenezaji wengi wanatoa waranti ya miaka 8 au km 160,000, kwamba betri haitashuka chini ya 70%. Mtu hatoi waranti ya miaka 8 kwa kitu anachojua kinakufa mwaka wa tano, angefilisika. Na bei, 2010 betri ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti moja ya ukubwa wake, 2024 wastani ulikuwa kama dola 115. Hiyo ni bei ya kiwandani sio ya gereji, lakini mwelekeo unauona.

Na pia betri za litiamu sio moja. Kuna zenye nikeli na kobalti, nyepesi, zinabeba chaji nyingi, hizi usipende kuziacha zimejaa 100% siku nzima juani, ishi kati ya 20 na 80. Kuna za chuma na fosfati, watu wanaziita LFP, nzito kidogo, zinavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi na hazina kobalti kabisa, hizi mtengenezaji mwenyewe mara nyingi anakwambia ujaze 100% mara moja kwa wiki ili kompyuta isipotee hesabu. Unaponunua ujue unanunua ipi, wengi hawaulizi.

#21 MajiMoto

Mmetaja kobalti mkapita mbio, sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo na tunajua inavyochimbwa. Halafu umeme wenyewe kama unatoka kwenye makaa ya mawe si umehamisha moshi tu?

#22 FundiKilowati

Hoja zote mbili ni za kweli. Kutengeneza gari la umeme kunatoa moshi zaidi kuliko la petroli, kwa sababu ya betri, halafu linalipa hilo deni polepole barabarani. Umeme ukiwa wa maji au jua linalipa haraka, ukiwa wa makaa linachelewa sana. Norway umeme wao karibu wote ni wa maji, na 2024 karibu gari 9 kati ya 10 mpya zilizouzwa kule zilikuwa za umeme, tena kwenye baridi ambayo inakula asilimia za betri bila huruma. Ethiopia nao, umeme wao wa maji, mwaka huo huo wa 2024 walipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Sio kwamba wanapenda sana mazingira, mafuta wananunua kwa dola na umeme wanao.

#23 Kichuguu

Na zikiwaka moto je? Nimeona video.

#24 NjiaNdefu

Za petroli zinawaka pia, mara nyingi zaidi tu, ila hakuna anayezirekodi maana sio habari. Tofauti ni kwamba betri ikishaanza kuwaka, kuizima ni kazi ya masaa, inawaka upya yenyewe. General Motors 2021 waliita magari yote ya Chevrolet Bolt yarudi, zaidi ya laki moja, sababu ya kasoro kwenye seli za betri, wakawaambia wenye magari msiyalaze ndani ya gereji. Kwa hiyo ukinunua mtumba angalia kama lile gari liliitwa na kama lilirekebishwa.

#25 Mwendapole

Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili, samahani kwa ukimya.

Nilimfuata mwenye nyumba. Mwanzo alikataa, kaniambia wewe unataka wapangaji wote wakulipie mafuta. Nikamwelewa kwa kweli, hata mimi ningekataa. Nikamwambia niweke laini yangu na mita yangu ndogo, namlipa kila mwezi kwa uniti, na nikihama namwachia. Akasema mlete fundi wako aone kwanza.

Fundi kaja, kaangalia soketi iliyopo uani, kaniambia ukichomeka gari hapa usiku kucha utaamka na ukuta mweusi. Waya ni mwembamba, unaunga na taa za ngazi, halafu hakuna ethi. Ataniletea laini yake peke yake kutoka mein swichi, breka yake, ethi yake. Gharama yote na mita ni kama lita 250.

Swali langu kwa Fundi Kilowati, hiyo soketi ni ya kawaida tu, ampia 10. Si itachukua mwaka kujaza?

#26 FundiKilowati

Usifikirie kujaza, fikiria kurudisha ulichotumia. Ampia 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3. Km zako 60 ni uniti 12 za mita. 12 gawanya kwa 2.3 ni masaa matano na kidogo. Ukichomeka saa nne usiku, saa tisa na nusu limeshamaliza, wewe bado unakoroma. Wengi wanatumia pesa kununua chaja kubwa za kilowati 7 kwa mizunguko ambayo soketi inaiweza. Na huyo fundi wako aliyekataa ile soketi mpe namba yako umhifadhi, soketi zilizoyeyuka nimeziona nyingi.

#27 HesabuMoja

Kwa hiyo umerudi kwenye 6 yako. Lakini bado haibridi ya lita 2,000 inarudisha pesa mapema kuliko umeme wa 4,500 mkuu, usisahau.

#28 Mwendapole

Sijasahau, ndio hapo kuna jipya. Kuna jamaa anauza la umeme, uniti 40 vile vile, nyongeza yangu inakuwa lita 3,000 tu. Kaliendesha miaka mitatu, anasema anaogopa betri anataka atoke mapema.

#29 HesabuMoja

3,000 na 250 za soketi ni 3,250. Gawanya kwa 833 ni karibu miaka minne. Weka na oili na plagi usizonunua unasogea kwenye mitatu na nusu. Sasa umekaribiana na haibridi, na kila mwaka baada ya hapo unaokoa zaidi ya haibridi. Magari ya umeme yanashuka bei haraka kwa mwenye nalo la kwanza, hasara yake ndiyo punguzo lako. Isipokuwa kama anachoogopa ameshakiona.

#30 Soketi_Dada

Hapo kwenye "anaogopa" ndipo uende na macho. Kanunue kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinaongea na simu kwa bluetooth, kwa Leaf kuna programu inaitwa LeafSpy, inakuonyesha afya ya betri kwa asilimia na tofauti ya volti kati ya seli moja na nyingine. Seli zikiwa zimelingana hata betri ikiwa 82% chukua. Ikiwa 90% lakini kuna seli moja inaanguka mbali na wenzake ukikanyaga mafuta, kimbia. Na usikubali vipau vya dashibodi peke yake, vinaweza kuresetiwa na mtu mwenye kompyuta, nimeona gari la vipau 12 lenye afya ya 70.

Mwambie pia asilichaji kabla hujafika. Wewe ulikute kwenye asilimia 40 hivi, uliendeshe km 20 na AC, uone asilimia ngapi zimeondoka.

#31 Mwendapole

Dada asante sana. Naenda Jumamosi, kifaa nimeshaagiza. Nitaleta mrejesho humu humu liwe zuri liwe baya.

#32 PistoniNne

Jumamosi hiyo hiyo kabla hujaenda, hilo la petroli lita 7.5 unaliuza kiasi gani? Usilitangaze kwanza. Nijibu inbox.